Koo za Watu, Mlio wa Kinanda

Mwanangu,

Kaswida uliyonitumia kwenye simu nimeisikiliza, nikairudia. Unasema haina ala hata moja. Kile kinachosikika kama kinanda ni koo za wenzako, fundi wa studio kazipitisha kwenye kompyuta. Unauliza kama inafaa. Nitakujibu kwa kadiri nijuavyo, na mashekhe walio karibu nawe uwaulize pia.

Dufu liweke pembeni kwanza. Sisi ni Mashafii, na Imamu Nawawi katika Minhaj ameliruhusu kwa harusi, kwa tohara na kwa mengineyo, hata likiwa na vile visahani vinavyolia ukingoni. Kisa cha Bibi Aisha unakijua: wasichana wawili wakiimba na kupiga dufu siku ya Idi, Abubakar akawakemea, Mtume (s.a.w.) akamwambia awaache. Filimbi ya mwanzi ndiyo iliyoleta maneno. Rafii aliiruhusu, Nawawi akaja akasema sahihi ni kuharamishwa. Wakubwa wa madhehebu moja hao, tena juu ya mwanzi tu.

Ipo hadithi kwa Bukhari inayowataja watakaohalalisha ala za muziki pamoja na zinaa, hariri na pombe. Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki 1064, alisema mnyororo wa wapokezi wake umekatika, akaona ala hazina ubaya. Baadaye mwanahadithi Ibn Hajar aliuunganisha mnyororo huo kwa njia nyingine. Wanazuoni wengi wako upande wa kukataza, nami nimo. Hata hivyo, anayefuata rai ya pili usimwite fasiki. Yusuf Islam, yule mwanamuziki Mwingereza, baada ya kusilimu aliweka gitaa chini miaka mingi, kisha akarudi nalo kwenye albamu ya 2006. Ni ndugu yetu vilevile.

Sasa hilo la kompyuta. Ghazali, Shafii mwenzetu aliyefariki 1111, anaeleza katika Ihya kwamba nyuzi na zumari hazikukatazwa kwa utamu wake. Ingekuwa hivyo, sauti za ndege nazo zingekuwa haramu. Zilikatazwa kwa kuwa zilikuwa alama ya walevi. Halafu anatoa mfano ambao nataka uukalie kitako: watu wakikusanyika, wakapanga vyombo, wakamweka mnyweshaji awazungushie vikombe huku wakiitikiana kama wafanyavyo walevi, wamekosa, ijapokuwa kilichomo vikombeni ni sikanjabini, yaani siki na asali. Kinywaji halali, mkao wa kilabuni.

Kaswida yako iko hapo hapo. Koo ni halali, hakuna abishaye. Lakini pale mdundo unapokatika ghafla, kisha "kinanda" kikapanda, wadogo zako walianza kukata viuno sebuleni. Mmoja akaniuliza ni singeli ya nani. Jina la Mtume lilikuwa linatajwa wakati huo huo, wala hakulisikia.

Na hili nalo lanikera kidogo, nisamehe: umemlipa fundi akutengenezee mlio wa kitu ambacho mwenyewe unasema ni haramu. Ukiamini kinanda ni haramu, unautakia nini mlio wake? Ukiamini ni halali, kipige mchana kweupe, ubebe rai yako. Mwangwi kidogo wa kuipamba sauti sina ugomvi nao. Sauti ya mtu inabaki ya mtu.

Nakushauri urekodi upya. Ngozi ya dufu iote moto wa makaa mpaka ikaze, waitikiaji wako wasimame karibu karibu, na maneno yasikike neno kwa neno. Nitumie hiyo kabla ya Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, niwapelekee wazee wa msikiti waisikilize. Hii ya kwanza usiisambaze.

Wassalaam,
Ami yako