Mafuta Niliyompa Shemeji

Mimi ndiye niliyemwambia shemeji yangu aache dawa yake ya mesalazini anywe mafuta ya samaki. Sina udaktari. Ila nyumbani kwetu anayesoma majarida ya tiba huhesabiwa nusu daktari, na cheo hicho nilikipenda.

Shemeji ana vidonda vya utumbo mpana, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utumbo wenyewe. Kabla hajapimwa kwa kamera alitibiwa amiba mpaka akachoka; kila akiharisha damu, vidonge ni vilevile. Alipopata dawa yake hasa, akatulia, akanenepa, akarudi kazini. Iliyobaki ilikuwa bei. Akaniuliza, "Shemeji, hivi vidonge nitameza mpaka lini, na mwenyewe naona nimepona?"

Ningemjibu kwamba kupona kule kulikuwa kazi ya vidonge. Badala yake nikaenda kutafuta nilichotaka kukipata, na nikakipata: jaribio la Italia la mwaka 1996. Wagonjwa 78, nusu wakipewa mafuta ya samaki, nusu kidonge kisicho na dawa. Baada ya mwaka mmoja ugonjwa uliwarudia asilimia 28 ya waliokunywa mafuta, na asilimia 69 ya wenzao. Nani asingeshawishika? Nikaongezea utafiti wa Ulaya wa 2009, uliowafuatilia watu zaidi ya 200,000: waliokula asidi ya linoleiki kwa wingi ndio waliougua zaidi vidonda vya utumbo mpana. Asidi hiyo imejaa kwenye mafuta ya alizeti, mahindi na soya. Basi nikaitoa alizeti jikoni kwake, nikampelekea mafuta ya nazi na chupa ya vidonge vya mafuta ya samaki.

Wagonjwa wa Italia walikuwa na ugonjwa wa Crohn, ambao ni ndugu wa ugonjwa wa shemeji lakini si huohuo. Vidonge vyao vilipakwa utando wa kuvizuia visiyeyuke tumboni. Nilivyonunua mimi vilikuwa vya kawaida. Wale wa Ulaya nao walianza wakiwa wazima, kwa hiyo hesabu ile haikusema lolote kuhusu kumtibu aliyekwisha ugua. Yote haya yalikuwa yameandikwa. Niliyapita.

Kibaya zaidi, mwaka 2008 yalishatoka majaribio mawili makubwa ya ugonjwa wa Crohn, yenye wagonjwa zaidi ya 700, baadhi yao wakipewa kila siku gramu 4 za omega-3, asidi iliyomo kwenye mafuta ya samaki. Katika la kwanza ugonjwa uliwarudia asilimia 31.6 ya waliokunywa mafuta, dhidi ya 35.7 ya wasiokunywa. Katika la pili, 47.8 dhidi ya 48.8. Kwa lugha ya dukani, hakuna faida. Kichwa cha habari cha majaribio hayo nilikiona siku ileile niliyoliona lile la Italia. Sikukifungua.

Shemeji alianza kucheua harufu ya samaki, kisha choo kikalegea. Nikamwambia mwili unajisafisha. Sentensi hiyo sijui niliitoa wapi, na ndiyo inayoniumiza kuliko zote, maana alipoanza kuona damu alikaa kimya akidhani uchafu unatoka. Aliishia kulazwa, akaongezewa damu na kupewa prednisoloni ya kumtuliza upya. Daktari alipomuuliza kwa nini aliacha dawa, alisema alisahau. Nilikuwa nimesimama pembeni ya kitanda, na nikanyamaza.

Baadaye nilimfuata daktari yule nikamweleza, na mdogo wangu aliyeoana na shemeji nikamweleza vilevile. Daktari hakunikaripia. Alisema samaki ni chakula kizuri kwa shemeji, hata dagaa, ila mafuta ya chupani hayawezi kushika nafasi ya dawa. Kundi la kimataifa la mabingwa wa magonjwa haya lilitoa mwongozo wa chakula mwaka 2020 wenye mwelekeo huohuo: omega-3 itoke kwenye samaki kuliko kwenye vidonge, na mafuta yaliyogandishwa kiwandani yaepukwe. Alizeti ya kiasi amerudishiwa. Nazi anaipika kwenye wali kwa sababu ni tamu, na hiyo inatosha.

Kuna wengine niliowapa ushauri uleule, msibani, harusini, kwenye daladala, na wengi siwajui hata majina. Kama ni wewe, na ulipunguza dawa kwa maneno yangu, nenda kamwambie daktari wako wiki hii. Mtaje aliyekushauri, usinifichie.