Sadaka ya saa moja

Wiki ya singo ya shoga yetu, kila baada ya Isha tulikaa sita kwa kompyuta mbili, tukichora ramani. Bando tulilichangia wenyewe.

Kazi hii inaitwa Crowd2Map, ilianza 2015. Watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali hutazama picha za setilaiti na kuchora barabara na nyumba za vijiji vya Tanzania kwenye OpenStreetMap. Kule Serengeti, shirika la Rhobi Samwelly, Hope for Girls and Women, linawapa hifadhi wasichana wanaokimbia ukeketaji, hasa Desemba shule zinapofungwa. Binti akiomba msaada usiku, wanaomfuata lazima waijue njia.

Mimi nilichora Nyarero, Tarime. Kila paa nililoligusa niliwaza: huenda humu mna binti ambaye akishakeketwa tu, ng'ombe wa mahari yake wataanza kuhesabiwa. Sisi dini yetu imetupa haki ya kutaja mahari tunayoitaka. Yeye haulizwi.

Bibi harusi mtarajiwa, sare zitashonwa tu inshallah. Watengee mabinti hao saa moja na mashoga zako.