Mbwa Aliyefundwa: Safari ya Vichaka vya Maine



Wengi wenu mtastaajabu kumwona mwalimu wa chuo akiandika khabari za mbwa na uwindaji. Sisi wenyewe tungalistaajabu kama mtu angalitutabiria hayo kabla ya safari hii. Tangu utoto wetu tumefundishwa kujitenga na mbwa, na kwa muda upatao miaka thelathini nasi tumewafundisha watoto wa watu vivyo hivyo. Lakini safari humwonyesha mtu asilolitafuta. Tuliyoyaona katika vichaka vya Maine, jimbo lililo pembeni kabisa mwa Marekani upande wa kaskazini-mashariki, twaona ni haki ya wasomaji kuyajua, khasa wazee wenye watoto chuoni.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2024 tulikwenda kumzuru mwana wa ndugu yetu akaaye katika mji wa Lewiston. Mji huo umejengwa kando ya mto Androscoggin, na nguvu za maporomoko ya mto huo ndizo zilizoendesha viwanda vikubwa vya nguo katika karne ya 19. Viwanda hivyo viliwavuta watu wengi wasemao Kifaransa kutoka Kanada. Majumba yake ya matofali mekundu yangaliko hata leo. Tangu mwaka 2001 Wasomali walianza kuhamia huko, na baada yao wakaja Wabantu wa Somalia, ambao miongoni mwao wamo Wazigua. Hao babu zao walichukuliwa utumwani kutoka bara ya Tanga katika karne ya 19, na lugha yao hawakuiacha. Mwana wa ndugu yetu ameoa kwao. Nasi, watu wa Tanga, tulipoamkiwa kwa Kizigua katika baridi ile, machozi yalitulenga.

Jirani yake ni mzee aliyepita miaka sabini, mjukuu wa wale waliotoka Kanada kufanya kazi viwandani. Mzee huyu hufuga mbwa wa kuwindia ndege, naye alipopata khabari ya kuja kwetu alitualika twende naye msituni siku ya Jumamosi. Tulikataa. Mwana wa ndugu yetu akatwambia kwa upole: "Ami, huyu ndiye aliyetuondolea theluji mlangoni mwaka wa kwanza, wakati sisi hatukuwa hata na koleo. Ukikataa mwaliko wake, hatafahamu kwamba wamkataa mbwa. Ataona wamkataa yeye."

Usiku ule tulilala tukifikiri. Tukaikumbuka aya ya nne ya Suratul-Maida, ambayo ndani yake Mwenyezi Mungu ametuhalalishia wanachotukamatia wanyama tuliowafunza kuwinda, na akataja kwamba mafunzo hayo twawapa kutokana na ilimu aliyotupa Yeye. Aya hii tumeisomesha mara nyingi, wala hatujapata kumwona hata mmoja wa wanyama hao. Asubuhi tukasema: twendeni.

Tulikwenda kwa motokaa mwendo wa saa moja. Ilikuwa siku za kupukutika majani, na miti ya meipo ilikuwa imegeuka myekundu na ya manjano hata mtu akidhani kilima kinawaka moto. Umande ulikuwa umeganda juu ya nyasi. Mahali tuliposhuka palikuwa shamba zamani. Wenyewe walilihama, na sasa kuta zao za mawe zapita katikati ya vichaka, na mibungo ya kale ya tofaha ingali yazaa pasipo mwenyewe. Penye unyevu pameota miti midogo iitwayo alda, imesongamana, na chini yake udongo ni mweusi na laini.

Hapo ndipo akaapo ndege aitwaye kwa lugha ya huko wudikoki. Kwetu hayuko. Ni wa jamaa ya sululu, lakini yeye ameuacha ufuo akaishi kichakani. Ukubwa wake hauzidi wa njiwa, na kwa kawaida uzito wake haufiki robo kilo. Mdomo wake ni mrefu, na ncha ya juu yaweza kujipinda ndani ya udongo, akamshika nyungunyungu asiyemwona. Macho yake yamewekwa juu na nyuma ya kichwa, hata huweza kuinama kula na huku amwona ajaye nyuma yake. Ardhi ikianza kuganda na nyungunyungu wakizama, husafiri usiku kwenda majimbo ya kusini yenye joto. Rangi yake ni rangi ya majani makavu. Twaweza kuapa kwamba mzee alituonyesha mmoja kwa kidole, hatua nne mbele yetu, nasi tusimwone. Subhanallah!

Mbwa alikuwa jike la kabila la seta, mweupe mwenye madoa meusi. Shingoni amevishwa njuga. Tulimwuliza mzee maana yake, akasema kwamba kichakani mbwa haonekani, kwa hiyo bwana wake humfuata kwa kusikia. "Njuga ikilia, anatafuta," alisema. "Ikinyamaza, amepata."

Tukaenda nyuma, tumekunja mikono, tukichunga nguo zetu. Njuga ikalia kushoto, ikalia kulia, kisha ghafula ikanyamaza. Tulimkuta mbwa amesimama mguu mmoja juu, mkia umenyooka, pua imeelekea mahali pamoja, mwili mzima watetemeka. Ndege yuko mbele yake kwa urefu wa mkeka, na matamanio yake yote yamo katika ndege yule. Hata hivyo hakuruka, hakubweka, hakusogea. Mzee akapita mbele kwa utaratibu, ndege akaruka kwa mlio mwembamba wa mbawa, bunduki ya marisau ikalia, na mbwa angali amesimama. Mpaka alipoambiwa neno moja, ndipo alipokwenda.

Basi hapo moyo wetu ulituuliza: ni nani miongoni mwetu awezaye kulizuia tamanio lake namna hii, akingoja idhini?

Sheria ya nchi ile haimruhusu mwindaji kupita ndege watatu wa namna hii kwa siku. Ndege wahamao wamehifadhiwa kwa mapatano ya mwaka 1916 yaliyofanywa kwa ajili ya Marekani na Kanada, na kwa sheria ya mwaka 1918. Tangu mwaka 1968 wataalamu huwahesabu kila majira ya kuchipua, wakisimama barabarani jua likitua na kusikiliza madume wakiita. Hesabu imepungua, na sababu moja kubwa ni kwamba vichaka vichanga vinakua vikawa misitu mikubwa, naye ndege huyu haupendi msitu mkubwa. Mzee alipopata wawili alifungua bunduki yake akatoa risasi. "Wanatosha," alisema.

Wa kwanza alikuwa amekufa kwa risasi. Masheikh wametofautiana juu ya kilichouawa kwa risasi bila ya kuchinjwa, na wengi wa wanavyuoni wetu wa Kishafii hawakukiruhusu; huyo tulimwachia mwenyewe. Lakini wa pili alianguka amevunjika ubawa. Mbwa akamleta kinywani, hai, bila ya kumtoboa, akamweka mkononi mwa mzee. Mzee akampa mwana wa ndugu yetu, naye akamwelekeza kibla, akasoma Bismillahi, akamchinja. Kisha tulipofika kijitoni tukamwosha pale palipoguswa na kinywa cha mbwa mara saba, moja kwa udongo.

Mzee alitutazama muda, uso umebadilika. Akauliza: "Mbwa wangu amekosa nini?"

Tukamjibu, na mwana wa ndugu yetu akafasiri: "Hakukosa lolote. Hii ni adabu yetu kwa Mola wetu, si chuki yetu kwa mbwa wako." Mzee akafikiri, akacheka, akasema kwamba yeye naye humwosha kila atokapo matopeni, wala si kwa chuki. Wakati huo huo mbwa akatoka majini akajikung'uta karibu yetu, na koti tuliloazimwa likawa na haki ya kuoshwa mara saba pia!

Tukakaa juu ya ukuta wa mawe. Tukamwuliza amemfunza mbwa huyu kwa fimbo gani. Maana sisi ni walimu, na fimbo ndiyo tuijuayo. Akasema hakuna fimbo. Alianza kumfunza kusimama kabla ya kumfunza kwenda. Alianza uani kwa ubawa uliofungwa kwenye uzi, kisha kwa kamba ndefu, kisha akamwacha huru. Ilimchukua majira mawili ya uwindaji. Alipokosea, mzee hakupiga bunduki, akamrudisha alipokuwa, wakaanza tena. Kisha akasema neno hili: "Ukimpiga karibu na ndege, hatajua kwamba amepigwa kwa kosa lake. Atadhani amepigwa kwa sababu ya ndege. Na tangu siku hiyo atamkimbia ndege."

Ndugu zetu, tulinyamaza. Mwaka 2023 chuoni petu kulikuwa na kijana wa miaka tisa, mwenye sauti nzuri, lakini mzito wa kuhifadhi. Siku moja alikosea aya ile ile mara ya nne, nasi tulimchapa bakora, juzuu iko wazi mapajani mwake. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Baada ya mwezi mama yake alikuja akatwambia: "Maalim, mwanangu sasa akiuona msahafu nyumbani hutoka nje." Nasi tulimjibu kwamba mtoto ana ukaidi.

Jawabu hilo tulilibeba mwaka mzima bila ya kulihisi uzito, mpaka alipotufunulia mtu asiyesoma Kurani, juu ya ukuta wa mawe, kwa mfano wa mbwa. Mwenyezi Mungu ameihalalisha windo ya mbwa aliyefundwa, wala si ya yule asiyefundwa. Ilimu humpa daraja hata mnyama. Na aliyepewa kazi ya kufunda ameagizwa atoe katika alichofunzwa na Mola wake, na Mola wetu ametufunza kwa rehema.

Tuliporudi Tanga mwezi wa Novemba tulikwenda nyumbani kwa kijana yule, tukamwomba radhi mbele ya mama yake. Si jambo jepesi kwa mwenye ndevu nyeupe kumwomba radhi mtoto, lakini ni jepesi kuliko kusimama na dhima hiyo Siku ya Kiama. Alianza kuja tena chuoni. Mwanzo alikaa karibu na mlango, juzuu yake imefungwa, akiwasikiliza wenzake. Nasi hatukumwambia aifungue. Tulisubiri, kama tulivyomwona mzee akisubiri.

Wazee mtupao watoto wenu, tuulizeni twawafunda vipi. Na walimu wenzetu, bakora zetu tuziweke mbali na Kitabu. Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi. Amin.

Wassalaam.