Hibernate na Safari 181 za Dukani



Leo tuzungumzie ugonjwa unaotusumbua wengi tunaoandika Java: programu inakimbia vizuri kwenye mashine ya fundi, ikifika kwa mwenyewe inatambaa kama konokono.

Kwa wasioifahamu, Hibernate ni daraja kati ya vitu vya Java na majedwali ya hifadhidata. Ilianzishwa na Gavin King mwaka 2001, na mwaka 2006 mawazo yake mengi yakaingia katika kanuni rasmi za Java zinazoitwa JPA. Badala ya kuandika SQL, unaandika mwanachama.getMalipo() na malipo yanakuja. Tamu sana! Lakini daraja halikuambii limekwenda safari ngapi kuyaleta.

Hapa Junju nilikabidhiwa programu ya chama kimoja cha akiba, iliyoandikwa na waliotangulia. Laptopu iko kwa katibu kijijini, hifadhidata iko kwenye seva Mombasa, katikati ni modemu. Siku ya kikao akina mama huulizia salio kabla ya kukopa. Orodha ya wanachama 180 ilichukua karibu nusu dakika, na mara nyingine ilikatika kabisa. Katibu akaniambia, "Mwanangu, daftari langu halijawahi kuniambia nisubiri." Wengine walishaanza kunong'ona kwamba pesa zao zinapotelea humo ndani. Chama huishi kwa kuaminiana, kwa hiyo hili halikuwa suala la mwendo tu.

Kila mtu aliulaumu mtandao. Nikawasha hibernate.show_sql, nikahesabu: kweri moja ya orodha, kisha moja kwa kila mwanachama kutafuta malipo yake. Jumla 181. Tuseme kila moja inakwenda Mombasa na kurudi kwa milisekunde 100: hizo ni sekunde 18. Ni sawa na kumtuma mtoto dukani alete chumvi, akirudi umtume sukari, akirudi umtume majani ya chai. Fundi aliyeweka hifadhidata kwenye mashine yake mwenyewe hawezi kuliona hilo, maana duka liko mlangoni pake.

Dawa ni kumpa mtoto orodha nzima:

select m from Mwanachama m left join fetch m.malipo

Kweri moja, safari moja.

Sasa angalia mitego miwili.

1. LazyInitializationException. Hii hutokea ukiomba malipo wakati sesheni imeshafungwa. Wengi hukimbilia kuandika EAGER kila mahali ili kosa linyamaze. Linanyamaza kweli, lakini sasa kila ukimwita mwanachama mmoja anakuja na mizigo yake yote, hata kama ulitaka jina tu. Acha LAZY, kisha omba unachohitaji katika kweri husika. Kumbuka pia kwamba @ManyToOne ni EAGER usipoiambia vingine.

2. Kurasa. Ukichanganya join fetch ya mkusanyiko na setMaxResults, Hibernate kwa kawaida huvuta safu zote halafu hukata ukurasa ndani ya kumbukumbu ya mashine. Chukua kwanza namba za wanachama wa ukurasa huo, kisha kwa kweri ya pili lete malipo yao.

Msidhani haya ni ya vyama vidogo tu. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliobuniwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Eldoret mwaka 2006, umeandikwa kwa Java na unatumia Hibernate hii hii. Humo kila kipimo cha mgonjwa ni safu yake. Hebu piga picha safari za mgonjwa aliyehudhuria kliniki miaka 10!

Kwa hiyo wadau, kabla hamjanunua seva kubwa au kuilaumu kampuni ya simu, hesabuni kweri. Na jaribuni programu mkiwa mbali na hifadhidata, kama atakavyokuwa mtumiaji. Orodha ya chama sasa inafunguka kwa sekunde mbili hivi. Katibu bado ana daftari lake pembeni, na simlaumu: imani hairudi haraka kama kweri.

Kwa leo naishia hapa. Kazi njema.