Ndoo ilijaa, kikohozi hakikuisha

Daktari aliniuliza maswali matatu. Mnapikia mkaa ndani? Kuna anayevuta sigara? Chumba cha mtoto kina unyevu? Yote nilijibu hapana, tena haraka haraka, kama mtu anayeandika habari za afya kila wiki na kudhani anajua kinachotafutwa. Mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka minne, alikuwa mapajani mwangu, kifua kikimlia kama filimbi. Mama yake alikuwa kazini, hivyo shangazi ndiye niliyempeleka.

Daktari akampitishia mkono kichwani, akatazama vidole vyake. “Huu unga kwenye nywele ni wa nini?”

Wa mbao. Babu yake ni seremala, na karakana iko nyuma ya nyumba yetu, hapa Dar es Salaam. Sikuwa nimeificha. Sikuikumbuka tu, kwa sababu nimezaliwa nimeikuta. Vumbi la mninga, mkongo na mvule ndilo lililonilipia ada hadi chuo kikuu. Harufu yake kwangu ni harufu ya nyumbani, na mtu haendi hospitali kushtaki harufu ya nyumbani kwao.

Kumwambia Baba ilinichukua siku mbili. “Mwanangu,” akasema, “vumbi hili nimelila miaka 30, mbona nipo?” Kisha akakohoa. Tulicheka wote, lakini mimi sikucheka sana. Nilijua kuwa tangu mwaka 1995 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani imeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na matundu yanayoizunguka. Kwa mwenye pumu, halihitaji hata kusubiri miaka. Mvule mafundi wenyewe wanaujua kwa kuwasha macho na ngozi.

Mdogo wangu, aliyesomea umeme chuo cha ufundi, akajitolea kutengeneza mtego. Alichukua ndoo ya rangi ya lita 20, akatoboa mfuniko matundu mawili. Tundu moja likaingiza bomba kutoka kwenye mashine ya msasa, la pili likaenda kwenye mashine kuukuu ya kunyonya vumbi. Vumbi lianguke kwenye ndoo, hewa iendelee na safari. Siku ya kwanza ndoo ilijaa nusu. Tulipiga picha, tukaituma kwenye kundi la ukoo, na shangazi zetu wakatuma makofi.

Mtoto akaendelea kukohoa.

Jibu tulilipata jioni moja jua lilipopenya kwenye tundu la bati. Mwanga ulipita nyuma ya mashine ya kunyonya, na pale tukaona kitu kama moshi mwembamba kikitoka. Ndoo ilikuwa ikikamata maranda na chenga, vitu ambavyo vingeanguka chini hata bila msaada wetu. Lile vumbi laini lilipita kwenye ndoo, likapita kwenye mfuko wa mashine, likarudi karakanani na kuelea. Unywele wa binadamu una unene wa kama mikroni 70. Vumbi linaloweza kupita koo na kushuka kifuani ni la chini ya mikroni 10. Ukiliona linaelea kwenye mwanga wa jua, wewe unalivuta.

Basi kazi ikaanza upya. Bomba la kuingiza lilikuwa limeelekezwa chini moja kwa moja, likawa linatimua vumbi lililokwisha kutulia. Mdogo wangu akalifunga kiwiko ili hewa iingie kwa ubavu na kuzunguka ukutani mwa ndoo. Ikizunguka, vumbi zito husukumwa pembeni, hupunguza mwendo na kushuka, hewa ikitokea katikati. Chini yake akaweka duara la plaiwudi, akiacha upenyo mdogo ukingoni ili vumbi lidondoke na lisipate njia ya kurudi. Mfuniko nao ulikuwa unavuja, na tundu dogo tu linatosha kuvuta hewa ya nje na kuliinua vumbi tena. Baba ndiye aliyeleta dawa yake: kipande cha tyubu ya baiskeli, kikazungushwa mdomoni mwa ndoo. (Siku bomba lilipoziba, ndoo yote ilibonyea kwa mvuto kama chupa ya maji iliyominywa. Sasa ina pete ya mbao ndani.)

Bado hakuna ndoo inayokamata kila kitu. Kilichonipa ahueni zaidi ni bomba la kutoa hewa, tulilolipitisha ukutani hadi nje, upande usio na dirisha la mtu. Ndoo nayo humwagwa kabla vumbi halijafika kwenye lile duara, maana likifika hapo mtego umekufa.

Kompresa ya kujipulizia nguo jioni tulibishana nayo wiki nzima. Baba aliona ninamnyima usafi, mimi niliona anapulizia mapafu ya wajukuu. Tulikubaliana ajifute kwa bomba la kunyonya, na barakoa inayobana uso avae wakati wa kupiga msasa. Huivaa, nikiwepo.

Mtoto tulimhamishia chumba cha mbele. Dawa yake ya kuvuta bado iko juu ya friji, na sitasema ndoo imemponya, kwa kuwa tulibadilisha mambo mengi kwa wakati mmoja. Mwezi uliopita hatukuamka usiku hata mara moja.

Jioni akimwona babu yake anatoka karakanani, hukimbia kumrukia. Babu huinua mkono: “Ngoja kwanza!” Anavua shati bombani, ananawa hadi viwiko, mtoto akiruka ruka pembeni na kuuliza kama tayari.