Kinu Kilichobagua Miguu

Hapa Magunga kulikuwa na kinu cha stima chenye tabia ya ajabu. Ukiligusa sanduku lake la swichi ukiwa na viatu, kimya. Ukiwa miguu mitupu, na sakafu imelowa, lo! Unarushwa kama umeumwa na siafu mia. Akina mama walipolalamika, msagaji aliwacheka, eti wanaogopa mashine. Yeye alivaa gambuti kutwa, angejuaje? (Nyanya yangu aliambiwa hivyo mbele ya watu. Sijasahau.)

Naye mwenye kinu alisema mota inazunguka vizuri na fyuzi haijakatika, basi hakuna kasoro.

Siku nyanya aliporushwa akaanguka na debe lake la mahindi, akina mama waligoma. Fundi akaitwa, nami nikamshikia tochi.

Kwanza hakugusa kitu. Alizima swichi kubwa, akaifunga kwa kufuli, ufunguo mfukoni, kisha akahakikisha kwa testa kwamba hakuna moto hata chembe. Akazifungua nyaya tatu za mota pande zote mbili, akazipima moja moja kwa mega, chombo kinachosukuma volti 500 kujaribu ganda la waya. Mbili zilikuwa salama. Ya tatu ilisoma karibu sifuri.

Tukaifuata. Pale ilipoingia tundu la sanduku hapakuwa na mpira wa kuikinga, na mtetemo wa kinu ulikuwa umeisugua hadi shaba ikagusa chuma. Na ule waya wa kijani wenye mistari ya manjano, unaopeleka stima iliyovuja ardhini? Ulikuwa unaning'inia tu, umekatwa! Yaani kuna mtu aliuona hauna kazi, maana mashine ilizunguka bila huo.

Mwenye kinu akataka waya uunganishwe na chuma kipya kigongelewe ardhini, mambo yaishe. Fundi alichukua chaki akaandika mlangoni. (Mwalimu wetu wa fizikia angefurahi.) Stima ni volti 240. Udongo ukiwa na ukinzani wa omu 60, zitapita ampia 4 tu. Fyuzi ya ampia 30 itashtuka? Wapi! Itakaa kimya na sanduku bado lina moto. Na binadamu je? Miliampia 10 tu, yaani sehemu moja ya mia ya ampia, zaweza kuukaza mkono ushindwe kuachia.

Basi ikawekwa waya mpya yenye mpira tunduni, waya wa kijani ukarudishwa, chuma kikagongelewa, na juu yake swichi inayokata yenyewe stima ikivuja miliampia 30. Ina kitufe kidogo cha kuijaribia. Msagaji hukibonyeza asubuhi kabla ya kazi, na akina mama husimama nje na madebe yao wakisikiliza. Ikilia "ta!" ndipo nyanya huingia.