Kiwewe Kinapokaa Mwilini: Safari ya Garissa

Msomaji, kama hujawahi kufika Garissa, jiandae kwa jua. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 370 kupitia Thika na Mwingi, na kadiri unavyosonga ndivyo miti inavyozidi kuwa mifupi. Ngamia utawaona kabla ya kuuona mto Tana.

Tulikuwa tumeiacha Mwingi nyuma gurudumu la basi lilipopasuka. Abiria walishtuka, kisha wakaanza kumlaumu dereva. Kijana aliyeketi kando yangu hakumlaumu mtu. Alikuwa chini ya kiti, mikono kichwani, akitetemeka.

Mzee mmoja mwenye kofia na kikoi aliinama, akamwekea kiganja mgongoni.

"Weka nyayo sakafuni, mwanangu. Toa pumzi polepole. Sasa tazama nje, nitajie unachokiona."

Kijana alinyamaza kitambo. "Mgunga," alisema. "Mbuzi."

"Mbuzi wangapi?"

"Saba, mzee."

Tukingoja gurudumu libadilishwe, kijana aliniambia kwamba alikuwa chuoni Garissa alfajiri ya Aprili 2, 2015, siku watu 148 walipouawa. Mzee yeye alitaja Novemba 1980, basi. Kwa wenyeji hiyo yatosha: ndipo mtaa wa Bulla Karatasi ulipoteketezwa, na watu wakakusanywa katika uwanja wa shule chini ya mitutu ya askari wa serikali. Wasomali hukuita Garissa Gubai, yaani Garissa iliyoungua. Februari 1984 ikawa zamu ya Wagalla, karibu na Wajir. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika yote hayo katika ripoti yake ya 2013, lakini ripoti haimtoi mtu chini ya kiti.

Labda utauliza, miaka yote hiyo, mbona mtu asisahau? Ni kwamba akili ikijua hatari imepita, mwili huweza kukosa habari hiyo. Mlio ukisikika, moyo hukimbia na misuli hukaza kabla hujawaza lolote. Mwingine huenda hospitali kila mwezi kwa maumivu ya mgongo au tumbo, apimwe, asionekane na ugonjwa.

Wasomali wa kambi za Dadaab, zilizofunguliwa mwaka 1991, wana neno buufis. Asili yake ni kupuliza au kujaza hewa. Hulitumia kwa hamu kali ya kuhamia ng'ambo, na pia kwa maradhi ya yule ambaye hamu hiyo imemwishia patupu. Ni kana kwamba huzuni imemjaa mtu kama puto.

Mmarekani Peter Levine aliandika kitabu mwaka 1997 akieleza kwamba mnyama aliyeponea chupuchupu hutetemeka, kisha akarudi kula majani. Kwa maoni yake binadamu naye asaidiwe kuanzia mwilini: ahisi miguu yake, pumzi yake, mabega yake, kidogo kidogo, bila kulazimishwa kusimulia yote siku moja. Wataalamu wanaendelea kubishana tiba hii inaponya kwa kiasi gani, nami sikuahidi muujiza. Hata hivyo, kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta hupunguza kweli mbio za moyo. Jaribu sasa hivi: vuta ukihesabu hadi nne, toa ukihesabu hadi sita. Ukiona inakuzidishia hofu, acha. Na kama hulali wiki baada ya wiki, au unatamani kufa, usijitibu peke yako. Muone daktari au mshauri aliyesomea kazi hiyo.

Nilimuuliza mzee alikojifunzia. Akacheka. Hakufundishwa na mtu, alisema; usiku usingizi ukimkataa, yeye huhesabu mbuzi wake, mmoja mmoja, kwa rangi.

Darajani tulishuka kuonyesha vitambulisho. Kijana alisimama akiutazama mto.

"Maji yana rangi gani leo?" mzee alimuuliza.

"Kama chai ya maziwa."

"Basi twende tukainywe," akasema mzee, wakavuka pamoja.